Alama za Makaa Kisimani

— Miaka mitano? Si ulisema minne?

Bahiya alisema hivyo huku ameshika kamba, ndoo ikining'inia katikati ya kisima. Upande wa pili wa ukuta alikuwa Ghanim.

Kisima kilikuwa kimoja kwa nyumba mbili, hapo Malindi. Ukuta unaozitenga nyumba ulipita juu yake, na kila nyumba ilikuwa na tundu lake la kutekea. Huwezi kumwona mtu wa upande wa pili, lakini sauti yake unaisikia juu ya maji kana kwamba kakaa karibu yako. Bahiya binti Matar na Ghanim bin Msabah walikuwa watoto wa ndugu wawili. Tangu walipochumbiwa, mwaka uliopita, Bahiya hakutoka tena mbele yake. Walibaki na kisima tu. Bi Shariffa, bibi yao wote wawili, alijua, akajifanya hasikii.

— Nani kakwambia? — Ghanim akauliza.

— Dada yako. Kulthum kaja kuomba ndimu, kanicheka. Kasema mwaka wa tano umeutaka mwenyewe, labda unanikimbia.

— Huyo Kulthum naye!

— Kasema uongo?

— ...Hapana.

Ghanim alikuwa anakwenda Beirut kusomea udaktari, na harusi ilikuwa imepangwa akirudi. Chuo kilileta karatasi: pamoja na udaktari, kila mwanafunzi achague somo moja dogo. Bwana Msabah, baba yake, alitaka mwanawe achague nyota, ili arudi anajua kibla na miandamo ya mwezi. Nyota zilimalizika ndani ya miaka minne. Ghanim alitaka elimu ya ardhi na mawe, na hiyo ilikuwa na mwaka wake wa ziada, wa kutembea milimani.

— Mawe, Ghanim? Mwaka mzima kwa ajili ya mawe? Mji huu wote ni mawe, toka nje uyaangalie!

Ghanim alicheka. Bahiya hakucheka. Aliiachia kamba, ndoo ikapiga maji kwa kishindo, akaondoka.

Siku tatu Ghanim aliita kisimani, "Bahiya!" Zamani angejibiwa "Naam" kabla hajamaliza. Sasa alijibiwa na maji yanayodondoka tu. Bahiya alikuwa akiteka maji Ghanim akiwa msikitini, na kila akiinua ndoo aliomba jambo moja: achague nyota, arudi upesi.

Siku ya nne alikuta kifuu cha nazi kikielea, na ndani yake karatasi. Aliisoma pole pole, herufi moja moja, maana chuo cha Kurani alitolewa mapema.

"Nisikilize mara moja tu. Baada ya hapo ukitaka ninyamaze, nitanyamaza. Ghanim."

— Haya, sema, — alisema.

— Tazama ukutani. Unaona nini?

Alikuwa akiona alama zake mwenyewe. Miaka mitatu nyuma, siku ya Idi, wageni walipewa kahawa ya chumvi kutokana na maji ya kisima hiki, na Bi Shariffa nusura alie kwa aibu. Tangu siku ile, kila alfajiri Bahiya aliyaonja maji, akachora kwa makaa mstari wa kuonyesha yalipofika, juu kwenye ukuta wa kisima, panapoonekana kutoka matundu yote mawili. Yakiwa matamu, nukta. Yakiwa ya chumvi, msalaba. Akaja kujua kwamba bahari ikijaa sana maji ya kisima hupanda na kuharibika, na bahari ikitulia hushuka na kuwa matamu. Siku hizo Bahiya alijaza mitungi yote. Kahawa haikuharibika tena.

— Nimezinakili zote, — Ghanim akasema. — Chuo kinataka anayechagua ardhi aandike jambo lililoonekana katika ardhi ya kwao. Bahari inaingia chini ya nyumba zetu, Bahiya, inapita ndani ya mawe. Na kama bahari inapita, maji ya shimo la choo je? Nimpe mtu dawa ya tumbo, halafu arudi kunywa humo humo?

Bahiya aliifikiria njia ile ya maji gizani, chini ya miguu yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

— Umeandika nani kaziona alama hizo?

— Nimeandika, "Nimeona."

— Weye? Alfajiri uliyoamka kuonja maji ni ipi?

— Jina la mwari niliandike wakalisome wanaume wa Beirut? Watu wangesemaje? Nimekusitiri.

— Hukunisitiri. Umenichukulia.

Alikuwa hajapata kumwambia mtu neno kama hilo.

— Basi naichana, — Ghanim akasema kwa unyonge. — N'tachagua nyota. Minne.

Ndilo neno aliloliomba siku tatu. Limekuja, na halikumfurahisha.

— Usichane. Jina la mwari haliandikwi. Na la mke wa mtu?

Nyuma yake mtu alikohoa. Bi Shariffa alikuwa kakaa na ungo wake wa mchele, sijui tangu saa ngapi.

— Kauliza vizuri! Mjibu, daktari wa mawe!

— Shikamoo, Bibi!

— Marahaba. Kaniitie baba'ko.

Punde sauti nzito ikasikika kisimani.

— Naam, mama.

— Msabah, meli ya mwanao lini?

— Jumatatu.

— Basi Ijumaa wafunge ndoa, waende wote. Matar n'tamwambia miye.

— Mama, si tulisema akirudi?

— Kahawa ile ya Idi, nani aliitema mbele ya wageni?

— ...Miye.

— Umepata kutema tena?

— La.

— Basi ni kwa kazi ya huyu. Mke hukaa na mumewe, iwe miaka minne au mitano.

— Na nyota, mama?

— Nyota zipo juu kila siku. Atazitazama bure.

Ijumaa, mwari alipoulizwa, wote walitazamia anyamaze, maana kunyamaza kwa mwari ndiko kuridhia. Bahiya alisema, "Nimeridhia," wazi kabisa, mpaka wanawake wakasahau kwanza kupiga vigelegele.

Jumamosi Ghanim aliiandika karatasi upya, akaileta kwa kifuu kile kile, maana bibi harusi angetoka kwao siku ya safari. Bahiya aliisoma kwa kidole: "Alama hizi kaziweka mke wangu, Bahiya binti Matar, kila alfajiri kwa miaka mitatu." Kidole kilikaa juu ya jina muda mrefu.

Jumatatu asubuhi alimkabidhi Kulthum kipande cha makaa.

— Kila alfajiri, unaonja kwanza.

— Hata yakiwa ya chumvi?

— Hasa yakiwa ya chumvi. Ndimu utanunua mwenyewe.

Kulthum alicheka, kisha akamkumbatia.

Bahiya akateka ndoo ya mwisho, akaonja, akatia nukta. Kutoka upande wa pili, kwa mazoea yake, Ghanim akaita juu ya maji:

— Bahiya!

Hakujibu kisimani. Alivaa buibui lake, akatoka mlangoni, akaingia nyumba ya pili, akasimama mbele yake.

— Naam.