Kanzu Iliyozidi Buluu

Kila Alhamisi, Mauza akisharudi kutoka shule na kubadili nguo, kazi yake ya kwanza ilikuwa kufua kanzu ya baba yake. Aliifulia kwenye roshani, juu ya duka lao la vitambaa pale Kariakoo, huku chini wachukuzi wakipiga kelele za kuomba njia na mikokoteni ikigombea barabara na pikipiki. Kanzu ilitakiwa ikauke kabla ya sala ya Ijumaa, tena iwe nyeupe pe. Ili ipate weupe huo, Mauza alitia matone machache ya buluu kwenye maji ya mwisho. Machache tu, kwa sababu buluu ikizidi, nguo hugeuka rangi.

Zamani alifua akiimba. Siku hizi alifua amenuna, na sababu ya kununa kwake ilikuwa imekaa chumbani mbele ya kompyuta.

Sababu hiyo iliitwa Dalia. Alikuwa mtoto wa ami yake Mauza, mpiga picha za harusi wa Tanga, na alikuja Dar es Salaam kusoma darasa la saba. Pamoja na begi lake la nguo alileta kamera kuukuu ya baba yake na kompyuta ndogo iliyochubuka pembeni. Kabla hajaja, Mauza ndiye aliyekuwa mpiga picha wa duka. Alivipiga picha vitambaa kwa simu ya baba yake, Mzee Humoud, wakawatumia wateja wa mikoani. Ni kweli rangi zilikuwa zikitoka kombo, na wateja wengine walilalamika, lakini Mzee Humoud alikuwa akisema mbele ya watu, "Mauza ndiye mkono wangu wa kulia." Sasa neno hilo hakulisikia tena.

Dalia hakutumia simu. Alipiga picha mbichi, yaani picha ambazo kamera huzihifadhi kama ilivyoziona, bila kuzipamba. Mwanzoni huwa zimepauka kama nguo iliyosahauliwa juani. Kisha Dalia huzifungua kwenye kompyuta na kuzirekebisha rangi. Alikuwa na mbinu moja aliyofundishwa na baba yake: kwenye picha lazima kiwepo kitu cheupe. Akikibonyeza hicho, kompyuta hujua nyeupe ni ipi, na rangi nyingine zote hukaa mahali pake. Kitu cheupe cha Dalia kilikuwa kanzu ya Mzee Humoud.

"Shikamoo, ami. Naomba kanzu yako isimame hapa pembeni."

"Marahaba, mwanangu. Chukua kanzu, ila mwenye kanzu umrudishe," Mzee Humoud hujibu, na duka zima hucheka.

Mauza hakucheka. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Utani ule ulikuwa wake na baba yake, na sasa aliusikia ukigawiwa kwa mwingine.

Alhamisi moja alikuwa amechutama mbele ya beseni aliposikia sauti ya baba yake kutoka chumbani. "Dalia, wateja wa Mwanza wanasema picha zetu hazidanganyi. Huyu Mauza angekuwa na subira kama yako, tungekuwa mbali." Mauza aliibana chupa ya buluu kwa hasira, akili yake yote iko chumbani. Alipotazama chini, maji yalikuwa ya samawati. Aliisuuza kanzu mara moja tu, akaianika, akajiambia itakauka iwe sawa. Haikuwa sawa. Ilibaki na ubuluu kwa mbali, lakini Mzee Humoud aliivaa kwa haraka na hakuona kitu.

Kesho yake, baada ya sala, Dalia alipiga picha za vitambaa vipya, kila kimoja na kikaratasi chake cheupe cha namba, huku ami yake amesimama pembeni kama kawaida. Kisha akapanda juu kuzirekebisha. Mauza alikaa nyuma yake akijifanya anasoma. Dalia alipoibonyeza kanzu, rangi zote zikahama. Kitambaa namba nne, ambacho Mauza alikibeba kwa mikono yake na akakiona ni zambarau, kikageuka damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi.

Dalia aliinamisha kichwa. "Mauza, hebu tazama. Hiki cha nne si kilikuwa zambarau?"

Mauza alijua kosa liko wapi. Neno moja tu lingetosha.

"Mbona kiko sawa," alisema. "Au fundi umeanza kusahau?"

Dalia alimwamini. Picha zikaenda.

Huko Morogoro, Bi Fortunata, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mpwa wake, alikuwa ametafuta damu ya mzee mpaka amechoka. Alipoona namba nne akaagiza papo hapo. Mzee Humoud alifunga namba nne kama alivyoambiwa, bila kuiangalia picha, mzigo ukapanda basi. Siku chache baadaye simu ililia, na sauti ya Bi Fortunata ikasikika hadi mlangoni.

"Mzee Humoud, mimi nimeagiza damu ya mzee, wewe umeniletea zambarau. Zambarau ndiyo sare ya upande wa bwana harusi. Niwavalishe watu wangu sare ya wakwe? Mafundi wamekaa wananisubiri na harusi ni Jumamosi. Nitawaambia wenzangu wote wasinunue kwako kwa picha."

Mzee Humoud aliiweka simu chini taratibu. "Dalia, funga hiyo kompyuta. Mambo ya picha yameisha. Nitaongea na baba yako, huenda ni bora ukasome nyumbani Tanga."

Mauza alikuwa amepata alichokitamani. Alingoja furaha ije, haikuja.

Jioni Dalia alimfuata roshanini akiwa na vipande vya vitambaa mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nipime macho," alisema. "Bibi yangu mzaa mama alianza kuchanganya rangi hivi hivi, mwisho akawa haoni."

Mauza alishindwa kukataa. Akainua kipande.

"Rangi ya ugoro," alisema Dalia.

Akainua kingine. "Kijani cha chupa." Kingine tena. "Zambarau." Hakukosea hata kimoja. Badala ya kufurahi, alianza kulia. "Basi kama macho yangu ni mazima, nilikosea wapi?"

Mauza aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. "Hukukosea, Dalia. Kanzu ilizidi buluu. Mimi ndiye niliyeitia, na uliponiuliza nikakudanganya. Nilikuwa nakuonea wivu."

Dalia alifuta machozi kwa mkono, akasogea kando ili Mauza apite. Mauza akateremka dukani peke yake, akamweleza baba yake yote.

Mzee Humoud alivua miwani, akausogeza mkono wa kanzu karibu na macho. "Kwa hiyo siku zote hizi natembea mjini nimekuwa samawati, na mwanangu ananitazama tu?"

Hakuna aliyecheka. Alimwita Dalia ashuke na kompyuta yake, akamwomba radhi mbele ya Mauza. Dalia akaeleza kwamba picha mbichi haiharibiki, kwa kuwa ile ya asili hubaki chini ya marekebisho. Safari hii alibonyeza kikaratasi cha namba. Rangi zikarudi: namba nne ikawa zambarau, na namba saba, iliyoonekana kama tofali la kuchoma, ikawa damu ya mzee yenyewe.

Mzee Humoud akampigia Bi Fortunata, kisha akamkabidhi Mauza simu.

"Shikamoo, Bi Fortunata. Kosa si la Dalia wala la baba. Ni langu," alisema, akaeleza mpaka mwisho.

"Marahaba," Bi Fortunata alisema. "Umenipandisha presha, mtoto wewe. Haya, nileteeni hicho cha kweli."

Namba saba ilipanda basi la alfajiri. Jumapili ikaja picha ya wanawake wa Morogoro wamependeza ndani ya damu ya mzee. Mzee Humoud aliwaonyesha wasichana wote wawili.

"Buluu kukuzidi si dhambi, Mauza. Kila mtu hukosea," alisema. "Lakini mwenzako alikuuliza, nawe ukachagua uongo ili aanguke. Wivu ulikufanya ufurahie hasara ya nyumba yako mwenyewe. Mtu akijua usichokijua, mwombe akufundishe. Na mimi mikono ninayo miwili, yote naihitaji."

Alhamisi iliyofuata Mauza alifua kanzu, na Dalia, ambaye siku zote hizo alikuwa akimjibu kwa mkato, akamfuata roshanini. Wakaishika kila mtu bega moja, wakaiinua juani.

"Nyeupe?" Dalia aliuliza.

Mauza aliitazama kwa muda mrefu. "Bado," alijibu. "Ngoja niisuuze tena."