Makala ya Kumi na Mbili

Umeme ulikatika Magongo tangu asubuhi, na uliporudi saa saba mchana, watu waliokuwa wakingoja mashine ya kutoa nakala walijazana dukani mpaka barazani. Aliyeishika mashine alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, ananukia udi, na mkononi ana mrundo wa karatasi unaotosha kufungia mandazi ya mwezi mzima. Nyuma yake alisimama Milcah Nafula katika sketi ya kijani, nywele kazisuka upya kwa ajili ya kutafuta kazi, vyeti vyake vitatu viko ndani ya bahasha. Alingoja dakika ishirini, uvumilivu ukamwishia.

"Bwana, unatoa nakala ya Biblia nzima?"

Mwanamume aligeuka taratibu. "Ni makala zangu za utafiti, bibie. Kumi na moja. Sita za mapafu, tano za ini."

"Mapafu na ini! Kwani wewe ni daktari ama una bucha?"

Foleni nzima ikacheka. Yule bwana hakucheka. Karatasi moja ilimponyoka, Milcah akaiokota, na badala ya kumrudishia akaikodolea macho picha iliyokuwa katikati.

"Huu mshale umekosea. Umeandika ni njia ya hewa, na huu ni mshipa wa damu."

"Makala hiyo imesomwa na maprofesa, dada yangu."

"Basi na wao hawakuangalia. Mimi nimekata na kupaka rangi vipande vya mapafu miaka mitatu, hospitali ya kwetu Bungoma. Mshale haunidanganyi."

Mwanamume aliitazama picha kwa muda mrefu, na shingo yake ikafura kwa hasira, kwa sababu mwanamke alikuwa amesema kweli. Jina lake lilikuwa Daktari Faki Boga, mzaliwa wa Mtongwe, msimamizi wa maabara ndogo ya utafiti hapo hapo Changamwe, na mtu aliyezoea kusifiwa.

"Jumatatu saa mbili uje maabara," alisema.

"Kukuomba radhi?"

"Kufanya kazi. Mdomo kama huo heri uwe upande wangu."

Hiyo ilikuwa 1990. Walianza kwa kugombana, na kwa kugombana wakapendana. Faki alikuwa amechunguza mapafu ya wafanyakazi wa viwanda vya magunia, kisha maini ya watu waliokula mahindi yenye ukungu. Sasa alitaka kuona sumu ya ukungu huo inaifanyia nini seli moja ya ini. Kutaka kulikuwa kwake. Kazi ilikuwa ya Milcah. Ndiye aliyetoa seli kwenye maini ya panya na kuzilisha ndani ya chupa. Zilikufa mara saba, kwa sababu kila umeme ulipokatika kabati la joto lilipoa. Mara ya nane akazikalisha chupa kwenye beseni la maji ya moto, kipimajoto mkononi, akiongeza maji kidogo kidogo, siku kumi na tisa. Zikaishi. Mbinu hiyo hakufundishwa na mtu.

Faki alipokwenda mikutanoni Nairobi, alipiga simu kila asubuhi.

"Seli zangu zimeamkaje?"

"Seli zako? Zangu zimeamka salama. Wewe je?"

"Nimeamka na hamu, laazizi."

"Hamu ya seli ama yangu?"

"Usinichokoze, simu ya watu hii."

Milcah angeweka simu chini akicheka peke yake, na siku nzima kazi ikamwia nyepesi. Alimpenda yule mwanamume mwenye maringo, wala hakujificha.

Oktoba 1992 zilitoka fomu za ufadhili wa masomo ya shahada. Sharti lilikuwa makala moja iliyochapishwa yenye jina la mwombaji, na mwisho wa kupokea fomu ni Novemba thelathini. Milcah alimkimbilia Faki na fomu mkononi.

"Makala yetu ya seli ikichapishwa tu, nimeingia!"

"Inshallah," Faki alijibu, akainamia darubini.

Jarida lilifika kwa posta Novemba ishirini na sita. Milcah aliichana bahasha amesimama. Makala ya kumi na mbili ya Faki Boga ilikuwa pale, beseni lake, siku zake kumi na tisa, picha alizozipiga yeye. Mwandishi mmoja tu. Mwishoni, kwa herufi ndogo, shukrani kwa wafanyakazi wa maabara.

Alilibwaga jarida mezani kwa Faki. "Mimi ni wafanyakazi?"

"Milcah, nisikilize..."

"Mwizi haelezi, mwizi anakimbia. Ungekimbia, ningekuheshimu!"

Alivua koti jeupe, akalitupa juu ya darubini na kutoka. Jumapili yake akavuka kwenda Mtongwe, akiwa na nia moja: mama mtu ajue amezaa nini.

Bi Mwanatabu alikuwa uani akichambua mchicha. Hasira au si hasira, Milcah alimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Wewe ndiwe yule wa maabara."

"Yule wa maabara ana jina, mama."

"Analo, nami nalijua. Lakini kwetu sisi, mwanamke akikusudiwa posa, jina lake halitembezwi mbele za wanaume. Nilimwambia Faki alihifadhi mpaka twende kwenu tukakuombe."

Posa! Moyo wa Milcah uliruka, ukalainika kwa muda mfupi, kisha hasira ikarudi mara mbili.

"Kumbe nimekusudiwa na nimeibiwa, na yote mawili sina habari!"

Faki alitoka ndani aliposikia sauti. Alikuwa na shuka kiunoni na fulana, wala hakuonekana daktari.

"Wallahi sikukusudia kukudhulumu," alisema. "Niliona jina lako limekaa kando ya langu, litasomwa na wanaume nisiowajua. Nikalifuta kwa mkono wangu. Nilidhani nakustahi."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Na nilipokuletea ile fomu?"

"Niliogopa kukwambia."

"Sasa sema kweli mbele ya mama yako. Ilikuwa heshima tu, ama na utamu wa kukaa pale juu peke yako?"

Faki alitazama chini. Mikono ya mama yake ilisimama kwenye mchicha.

"Na utamu pia," alisema.

"Faki!" Bi Mwanatabu aliruka. "Mimi nilikwambia ufunge mdomo. Sikukwambia uchukue kazi ya mtu!"

"Leta karatasi," alisema Milcah. "Mwandikie mhariri sasa hivi. Sema ni nani aliyefanya kazi. Jina langu litangulie, lako lifuate."

"Januari bodi inakaa kunipandisha cheo. Inapima makala zangu. Ikiiona barua hii..."

"Iione."

Faki aliandika. Aliandika yote, na Milcah aliitia posta mwenyewe.

Bodi iliiona, na Faki akabaki pale pale alipokuwa. Fomu za ufadhili zilifungwa, na mwaka wa Milcah ukapotea. Alipata kazi zahanati moja Kisauni, akipima damu za wenye homa. Faki alipompigia simu huko, alijibiwa kwa kifupi.

"Una malaria?"

"Sina, ila..."

"Basi usizuie laini."

Alimkatia simu mara nyingi kiasi cha kumchosha mtu yeyote. Usiku alimlilia, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Juni, Jumamosi moja asubuhi, hodi ilipigwa kwenye chumba chake Magongo. Uani wanawake walikuwa wakifua, na wanaume wanne wamezunguka ubao wa drafti.

"Nani?" Milcah aliuliza bila kufungua.

"Ni mimi."

"Unamtaka nani?"

Wacheza drafti wakainua macho. Kisha Faki Boga wa Mtongwe akaita kwa sauti ambayo hata nyumba ya pili waliisikia.

"Namtaka Milcah Nafula! Mwandishi wa kwanza wa makala ya seli za ini. Mimi wa pili!"

Mlango ulifunguka. Faki alimpa ukurasa wa masahihisho uliochapishwa, na Milcah akalisoma jina lake mara tatu, midomo ikicheza.

"Umenipotezea mwaka," alisema.

"Najua."

"Fomu zinatoka tena Oktoba. Nikipata, naondoka miaka miwili."

"Nitangoja. Lakini kabla hujaondoka nataka kuja Bungoma na wazee wangu."

"Baba ataniuliza kama nimekusamehe."

"Utamwambiaje?"

"Nitamwambia bado."

Faki aliinamisha kichwa. Nyuma yake hakuna aliyekuwa akifua tena.

"Sasa tusije?"

Milcah aliukunja ukurasa na kuutia kifuani.

"Njooni Agosti," alisema. "Nitakuwa ningali nimekasirika."