Gari ya Uthmani Haitaki Kufutwa

Apa kwanza. Sema wallahi sitaambia mutu, hata dada yako. Haya, sogea.

Unamujua Faruk, ule anaosha magari hapa Buyenzi, kando ya magaraji? Alikuwa anataka kumuoa Raihana. Sasa Uthmani, baba mudogo ya musichana, ndiye mwenye neno mu ile ndoa, na we unajua kichwa yake! Akamuletea Faruk gari yake nyeusi, inang'aa kama jicho ya samaki. "Hii ndiyo itabeba bibi-arusi kesho. Toa vumbi yote. Nikiona mukwaruzo hata moja, tafuta mwanamuke kwingine."

Faruk akacheka. Kazi yake hiyo! Vumbi hafuti kavu, apana, ile muchanga inakula rangi. Anamwaga maji toka juu, vumbi ijiendee yenyewe, halafu sabuni na kitambaa laini, anapitisha bila kukandamiza. Magurudumu akayaosha na maji ya moto, na yenye kubaki akaitupa mu mutaro, anamutukana Uthmani.

Akageuka: vumbi! Nyekundu, kapo yote, kile kifuniko ya injini. Na upepo hakuna. Akaosha tena. Vumbi. Akaosha tena, anatukana mupaka sabuni, ha ha! Karibu alie. Akamwaga maji ingine, na safari hii maji ikakataa kushuka, ikasimama juu ya rangi inatetemeka kama ngozi ya mutu mwenye homa, na chini yake ile vumbi ikapanda, ikashuka, kama kifua ya mwenye kulala, ikatoa harufu ya nywele kuungua, na kitu kidogo kikalia, kikavuta pumzi, kikalia tena, na jua iko katikati ya kichwa, watu wanapita, hakuna hata mumoja anageuka.

Akakimbia kwa Bibi Waridi, ule anasomea wagonjwa dua. Bibi akafika, akanusa, akashusha sauti.

"Mwanangu, maji ya moto ulitupa wapi?"

"Mu mutaro, bibi."

"Ulisema bismillahi?"

"Nilikuwa namutukana Uthmani."

"Basi umeunguza mutoto ya wenyewe, wale hawaonekani. Mama yake amemulalisha hapa juu ya gari, akamufunika. Hii si vumbi, ni blanketi. Usiguse mupaka apone."

"Na Raihana wangu?"

Bibi Waridi akajifunga kanga, akaenda zake.

Alasiri Uthmani huyo! "Siku nzima, na gari iko hivi?"

"Baba, nakuomba, usiguse."

"Hujui kazi!" Akashika mukono ya kanzu yake, akafuta kavukavu. Kwaruu! Wee, kilio ilitoka pale! Rangi ikafunguka mistari mitano, na mukono ya Uthmani, chini ya kanzu, mitano vilevile, inatoa damu. Muzee akakaa chini mu matope. "Muoe," anasema, meno inagongana. "Faruk, muoe tu, hata leo!"

Raihana alienda arusini na miguu, ngoma mbele, mi nikapiga vigelegele mupaka sauti ikakauka.

Gari? Iko mu lupango ya Uthmani, uani kwake, na vumbi yake. Bibi Waridi alisoma, akachoka. Anasema mama ya ule mutoto alienda kutafuta dawa, hajarudi mupaka leo. Kila adhuhuri mutoto analia.

Nani ameniambia? Khadidja, muke ya Uthmani. Ndiye anatoka kumubembeleza.