Filimbi ya Uwanja wa Kebosoro

Regina alikuwa kwenye mwamba nyuma ya nyumba, akigeuza makopa yake ya muhogo, alipomwona mtu asiyemjua akitokea kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Alikuwa kijana wa shati jeupe. Damu ilimchuruzika kutoka kwenye paji la uso. Mikononi alikuwa na sanduku dogo la bluu, amelikumbatia kama mtoto mchanga.

"Shikamoo mama," alisema. "Naomba maji. Na pikipiki, kama ipo."

Regina aliitikia na kumpa maji. Kijana alikunywa kidogo tu. Alisema jina lake ni Hamim, na kazi yake ni rubani. Alionyesha kwa kidole nyuma yake. Kati ya mabua ya mahindi Regina aliona mkia wa ndege ndogo umeinuka juu.

Sanduku lile lilikuwa na damu ya kuongezewa wagonjwa. Kule hospitali kulikuwa na mama aliyejifungua alfajiri na kupoteza damu nyingi. Regina hakuuliza zaidi. Alimwita jirani mwenye bodaboda, na sanduku likaondoka kwa vumbi.

Hapo ndipo mumewe, Werema, alipoingia uani akikimbia. Alikuwa na rungu, na shati lilikuwa limelowa jasho.

"Wamepita wapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Wezi. Hukusikia filimbi?"

Hamim alilitazama rungu, kisha akamtazama Werema usoni.

"Mzee, wewe ulikuwa katikati ya njia ya ndege," alisema taratibu. "Wewe, wenzako na ng'ombe. Nilikuwa karibu kugusa chini. Nikakata kona kuja huku shambani."

Werema aliteremsha rungu.

Katika nchi ile filimbi ina kazi moja. Ikilia, maana yake ng'ombe wameibwa. Kila mwanamume mwenye nguvu huacha jembe lake, huchukua rungu au upinde, na hukimbilia inakotoka sauti. Asiyekwenda huulizwa sababu na sungusungu, walinzi wa kijiji. Hata mtoto mdogo wa Kebosoro anajua hivyo.

Lakini Lukmani hakujua. Yeye alikuwa msimamizi mpya wa uwanja wa ndege, mtu wa mbali, aliyehamishiwa pale na mamlaka ya mji mdogo. Aliona ng'ombe wanavuka njia ya ndege kwenda mtoni. Akaona ni hatari, na ilikuwa hatari kweli. Akamnunulia mlinzi filimbi. Alimwambia, "Ukiona ndege inakaribia, piga kwa nguvu, watu waondoe mifugo." Mlinzi mwenyewe alikuwa mgeni kama yeye. Siku ile alipiga kwa mara ya kwanza, kwa nguvu zake zote. Badala ya kuondoka, wanaume wa Kebosoro walimiminika uwanjani kutoka pande zote. Werema aliwaacha ng'ombe wake katikati ya njia ili awahi.

Mama wa hospitali alipona. Ndege ilivutwa kutoka shambani kwa trekta. Lakini shida ndiyo kwanza ilianza.

Tangu dhahabu ipatikane kwenye vilima vya jirani, ndege zilikuwa zimeongezeka. Zilileta wanunuzi wa dhahabu, mitambo, wageni wa mbugani, na dawa pia. Wachimbaji nao walisafisha mchanga wao katika kijito cha karibu. Maji yalikuwa mazito kama uji, na yalikuwa na zebaki, ile dawa ya kukamatia dhahabu ambayo ni sumu. Ndama wawili wa jirani walikunywa wakafa. Maji safi yalibaki mto mmoja tu, na mto ulikuwa ng'ambo ya uwanja.

Wiki ile ikasikika habari kwamba madiwani wanataka kuzungushia uwanja wote seng'enge. Njia ya ng'ombe ingefungwa. Baraza lingeamua mwisho wa mwezi.

Mnadani, wafugaji hawakuzungumza kingine. Simon, mwenye sauti kubwa kuliko wote, alisema seng'enge hukatwa kwa koleo. Alimgeukia Werema na kumuuliza kama ng'ombe wake watakunywa zebaki ili wanunuzi wa dhahabu washuke vizuri. Watu walicheka, lakini si kwa furaha. Werema alikubali kwamba uzio ukijengwa, naye atakwenda na koleo lake.

Alipomwambia Regina, mkewe aliweka chini sufuria.

"Ukikata, watakufunga. Wakikufunga, ng'ombe watavushwa na nani? Mimi?"

"Basi unataka wafe kwa kiu?"

"Nataka kesho twende kwa mama Shamsia."

Shamsia alikuwa fundi cherehani sokoni. Babu yake alikuja mkoani Mara kutoka pwani na mzigo wa vitambaa, na ukoo haukurudi tena. Wote walimjua kwa sare za shule. Werema hakujua kwamba alikuwa pia katibu wa Kamati ya Ushauri ya uwanja wa ndege.

Shamsia aliwakaribisha kwenye benchi, akaendelea kukanyaga cherehani huku akieleza. Alisema uwanja ule si wa Lukmani wala si wa wanunuzi wa dhahabu. Ni wa mamlaka ya mji, maana yake ni wa watu wa mji. Kwa hiyo iliundwa kamati ya wananchi. Mjumbe halipwi mshahara. Kuna muuguzi, mwalimu, mwenye duka, mkulima, mtu wa machimbo. Kazi yao ni kusikiliza watu, kuona uwanja unavyotumika, na kuwashauri madiwani kuhusu kelele, usalama, ada na njia.

"Kwa hiyo mnaweza kumwambia Lukmani asijenge?" Werema aliuliza.

"Hatuwezi. Sisi hatuamrishi. Tunashauri, wanaoamua ni madiwani." Akasimamisha cherehani. "Lakini kwa sheria yetu ndogo, baraza haliamui jambo la uwanja kabla halijasikia ushauri wetu. Na wakiukataa, lazima waseme sababu mbele ya watu."

Werema alitikisa kichwa. Alisema hizo ni kamati za watu wenye viatu.

"Kiti cha wafugaji kipo, mzee Werema," Shamsia alisema. "Hakijawahi kukaliwa."

"Hatukuambiwa."

"Tulibandika tangazo mlangoni pa ofisi."

"Mama, mfugaji anakwenda ofisini kufanya nini?"

Shamsia alikubali kwamba hilo lilikuwa kosa lao. Tangazo la wafugaji lilipaswa kusomwa mnadani.

Kikao kilifanyika katika darasa la shule, milango wazi. Watu walijaa hadi madirishani. Lukmani aliketi mbele, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Alieleza kwamba ndege ikigonga ng'ombe mmoja, watu wote ndani wanaweza kufa. Hakuona njia nyingine isipokuwa uzio. Simon alipiga kelele kutoka dirishani kwamba msimamizi mwenyewe ndiye aliyetaka kuwaua watu kwa filimbi yake. Mwenyekiti alimwambia asubiri zamu.

Zamu ya Werema ilipofika, alisimama na kofia mkononi. Alieleza habari ya kijito na zebaki. Alieleza filimbi ina maana gani. Kisha akamtazama Lukmani.

"Kwa nini hukutuuliza?"

Lukmani alisugua macho yake.

"Sikujua kama kuna la kuuliza," alisema. "Filimbi kwangu ni filimbi tu."

Baada ya jibu hilo kikao kilibadilika. Watu waliacha kutafuta mkosaji, wakaanza kupanga. Muuguzi alisema ndege zinahitajika, damu ile ni ushahidi. Mkulima alisema ng'ombe nao hawawezi kungoja mvua. Mtu mmoja alitaja kengele, lakini kengele ilikuwa ya shule na ya kanisa. Adhana ilikuwa ya msikiti. Yowe ni la hatari. Kila sauti ilikuwa na mwenyewe. Mwishowe Shamsia alisema yeye anacho kitambaa chekundu cha kutosha, na kitambaa hakipigi kelele.

Ushauri wao ulikuwa huu. Uwanja ujengewe uzio, lakini liachwe lango moja kwenye njia ya ng'ombe. Iwekwe nguzo ndefu. Ndege ikitarajiwa, mlinzi apandishe bendera nyekundu, na mtu wala mnyama asivuke hadi ishuke. Wafugaji wenyewe walinde lango kwa zamu. Filimbi zirudishwe kwa sungusungu.

Madiwani walisikiliza, wakabishana, kisha wakakubali kwa majaribio hadi mvua za kwanza. Waliweka sharti moja: mtu akivuka bendera ikiwa juu, hata mara moja, lango litazibwa.

Werema alichaguliwa kukaa kwenye kiti cha wafugaji. Shamsia alimuuliza, mbele ya wote, kama lango litakuwa salama mikononi mwake.

"Siku ya zamu yangu," alisema, "bendera ikiwa juu, siachi lango."

Kiangazi kilikuwa kirefu. Wakati mwingine ndege ilichelewa, na ng'ombe walilia kwa kiu mbele ya lango, wakisukumana. Wachungaji walimtukana mlinzi. Walimwambia bendera yake imegandia juu kama kupe. Lakini hakuna aliyevuka. Shamsia alikuja mara kwa mara, akiuliza nini kinakwenda vibaya. Wafugaji walilalamika kwamba bendera hupandishwa mapema mno, na kamati ikapeleka neno. Lukmani alirekebisha. Safari hii alikuja mwenyewe langoni kuuliza kama sasa inafaa.

Mawingu yalianza kujikusanya upande wa Ikoma. Majaribio yalikuwa karibu kuisha.

Mchana mmoja, katika zamu ya Werema, bendera ilipanda. Alilaza miti ya lango na kuifunga kwa kamba. Nyuma yake kundi la Simon lilisimama likisubiri. Ndege ilikuwa bado ni kitone juu ya vilima.

Ndipo filimbi ikalia.

Ililia ng'ambo ya uwanja, upande wa mto. Ilikuwa filimbi ya kweli, ya sungusungu, fupi fupi na kali. Mdogo wake Werema, aitwaye Nyangwine, alikuwa huko akichunga maksai wawili wa kulimia wa Werema. Werema aliifahamu pumzi ya ndugu yake.

Wanaume walitoka kila upande, kama siku ile. Walikuja mbio moja kwa moja hadi langoni, marungu mkononi. Simon alikuwa mbele.

"Fungua."

Werema aliinua fimbo yake na kuiweka juu ya miti ya lango, mkono huku na mkono kule.

"Bendera iko juu."

"Mura, ndugu yangu, ondoka hapo. Ni ng'ombe wako wanaokwenda."

"Najua."

"Wewe ni mwanamume gani?" mmoja alipiga kelele nyuma. Mwingine alishika kamba kuikata. Werema alimwondoa mkono, wala hakumpiga, akarudisha wake kwenye lango. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba ndani ya ile ndege kuna watu, na kwamba wakivuka leo, kesho ng'ombe wote wa Kebosoro watakunywa kijitoni. Machozi yalikuwa yakimtoka. Hakuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye lango.

Simon alimtazama. Alipumua kwa nguvu. Kisha aligeuka na kuwarudisha wenzake nyuma kwa mikono miwili.

"Subirini," alisema. "Amesema subirini."

Filimbi iliendelea kulia, ikawa mbali, kisha mbali zaidi. Ndege ilishuka. Magurudumu yalitimua vumbi, ikapita mbele yao kwa mlio mkubwa, ikapunguza mwendo, ikasimama. Bendera ikaanza kuteremka. Werema alisubiri hadi ikafika chini kabisa. Ndipo akafungua kamba.

Wote walikimbia, na yeye alikimbia nyuma yao, baada ya kumkabidhi lango mlinzi.

Nyangwine walimkuta kichakani, mzima, sauti imekauka. Maksai mmoja alikuwa amekwama kwenye tope la kivuko, na wezi wakamwacha. Wa pili hakupatikana. Walifuata nyayo hadi kwenye mawe, nyayo zikapotea.

Baraza lilikutana wiki iliyofuata. Lukmani ndiye aliyeeleza yaliyotokea langoni, na aliyaeleza akiwa amesimama. Lango likapewa ruhusa ya kudumu. Pia ilikubaliwa kwamba kila tangazo la kamati lisomwe mnadani kabla ya mnada kufunguliwa. Kikao kilichofuata, wafugaji walikuja wengi hata viti vikapungua.

Mvua ilipoanza, Regina alisimama mbele ya zizi na kumtazama maksai mmoja aliyebaki. Hakumlaumu mumewe. Alisema tu kwamba jembe la ng'ombe halivutwi na mmoja.

Asubuhi hiyo Simon alitokea njiani. Nyuma yake alikuwa na dume mwekundu, amefungwa kamba puani.

"Lima naye hadi umalize," alimwambia Werema, bila kumtazama usoni. "Ila ni mkaidi. Anapenda kupita mahali alipokatazwa, kama mwenyewe."

Werema alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Walifunga nira. Walikuwa wamelima mistari michache tu alipotazama juu na kuona kitambaa chekundu kikipanda polepole ng'ambo ya mashamba. Ilikuwa siku yake ya zamu, na ardhi ilikuwa laini, nzuri ya kulima, na dume alikuwa wa kuazima.

Alimwachia Regina kamba, akachukua fimbo yake, akaenda langoni.