Mtani wa Mzee Mkude

Mtambo uliwashwa timu zikiwa bado zinapasha misuli, na Mzee Kobelo Mkude, ambaye alikuwa kaburini wiki ya tatu sasa, akaonekana ameketi kwenye siti yake.

Kwanza ilitokea kofia ya kijani. Mwanga ulishuka kutoka kwenye vitaa vidogo vilivyopangwa chini ya paa la jukwaa, ukajikusanya hewani, ukafanya mabega, kitambi, na yale magoti yasiyotulia. Chombo hicho waliita taswiranuru. Ndani yake ilikaa akili unde iliyolishwa sauti na picha za mzee tangu siku kamera za kwanza zilipofungwa uwanjani, kwa hiyo haikuwa picha ya kutazama tu. Iliinuka timu ikishambulia. Ilishika kichwa mpira ukitoka nje. Ukiisalimia, inakuitikia kwa sauti yake kabisa, na ule mkwaruzo wa kifua.

Uwanja mzima ulisimama kupiga makofi. Watu walilia, jamani, watu wazima na simu zao mkononi!

Injinia Perpetua Mkude hakulia. Yeye ndiye aliyeunda mtambo, na mzee yule alikuwa baba yake. Alisimama nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo akakagua rangi ya kofia, akaona imekolea mno, akaipunguza kidogo. Tangu baba yake alipofariki moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: upo, unauona, lakini si wako. Alikula, alioga, alikwenda kazini. Alikuwa amejiambia kwamba siku atakapomwona baba kwenye siti yake, ganzi itaachia. Sasa alikuwa anamwona, na hakuna kilichoachia.

"Umefanya makubwa," alisema Meneja Kahangwa, msimamizi wa mradi pale Chuo cha Misitu Lukanda. "Mechi ikiisha unaweka dole gumba, tunamfunga."

Kufunga kulikuwa na maana yake. Taswira ikishafungwa haiguswi tena. Haiongezwi wala haipunguzwi, na itakaa kwenye siti ile maadamu chuo kipo. Idhini ilikuwa ya Perpetua peke yake, maana Mzee Mkude hakuwa na mtoto mwingine. Akikataa, taswira inafutwa na siti inapewa familia nyingine.

Na kama kuna mtu aliyestahili siti, basi ni yule mzee. Alikuja Lukanda kijana kusomea misitu, akafeli mwaka wa kwanza. Chuo kilimwacha, yeye hakukiacha. Akafungua karakana ya useremala nje ya geti na kila Mbega walipocheza, maana ndivyo timu ya chuo ilivyoitwa, aliweka randa chini. Jeneza lingoje, kitanda cha bwana harusi kingoje. Mvua, homa, ligi daraja la chini ambako hata wachezaji wenyewe walikuwa wanachelewa kufika, yeye yupo. Marehemu mkewe alikuwa akisema ameolewa na jukwaa.

Leo Mbega walicheza na watani wao, Chuo cha Reli. Mpira ulikuwa umekwisha kuanza pale Perpetua alipoona kwenye skrini mzee mmoja anapanda ngazi za jukwaa la kijani akihema. Alivaa jezi ya Mbega kinyume, mgongo mbele, na ndani yake amesokomeza mto ukawa kitambi. Magoti aliyachezesha kwa makusudi. Watu walianza kuguna. Huyu ana wazimu gani, kumwigiza marehemu?

Perpetua alimtambua: Mzee Semboja, shabiki wa Reli, mtani wa baba yake wa miaka nenda rudi. Akashuka mbio.

Alipofika alimkuta Semboja amekwisha kusimama mbele ya taswira, mikono kiunoni.

"We Mkude!" alifoka. "Mbega mzee usiye na mkia! Watu wanasema kifua, kifua. Kifua gani? Si yale mabao manne tuliyowapiga ndiyo yamekuua? Sema kweli mbele ya watu!"

Taswira iligeuka ikamtazama kwa upole. "Karibu sana, ndugu shabiki," ilisema kwa sauti ya Mzee Mkude. "Tuwatakie wachezaji wote mchezo mwema."

Semboja alicheka, akangoja. Hakikuja kitu. Akajaribu tena, safari hii akamtukania randa yake, na kitanda alichomtengenezea mwalimu mkuu kikavunjika usiku wa kwanza.

"Ahsante kwa maoni yako," ilisema taswira.

Semboja akamgeukia Perpetua. "Mama, huyu nani?"

"Ni baba, Mzee Semboja. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi sikuuliza hivyo. Baba yako kwa maneno yale angekuwa amekwisha kunivua kofia, ameitupa uwanjani, na ameuliza kama nimekuja kwa miguu kwa sababu reli yetu imeota majani. Huyu anayeniita ndugu shabiki ni nani?"

Perpetua alimweleza, taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza wageni. Chuo kiliogopa lawama, kwa hiyo akili unde iliwekewa chujio la staha. Kila neno la kashfa lilichujwa kabla taswira haijajifunza kusema.

"Nani alichuja?"

"Mimi."

"Yakatoka mangapi?"

Alifikiri. "Karibu yote aliyokuwa akikuambia wewe."

"Basi mkabakiza nini?"

Chini, Reli walipata kona, uwanja ukapiga kelele, taswira ikashika kichwa.

"Mke wangu alipofariki," alisema Semboja, "baba yako alikuja matangani amevaa kanga ya marehemu. Akaingia jikoni, akaunguza ugali, halafu akatoka nje kulalamika kwamba toka mama afe nyumba hii watu wanakula makaa. Nilikuwa sijafungua kinywa tangu maziko. Nilicheka, mama, nikacheka mpaka nikaanza kulia, na hapo ndipo nikajua yamenifika. Sasa zamu yangu ilikuwa hii. Nilipanga nilale ndani ya kaburi lake, kama watani wafanyavyo msibani, nigome kutoka mpaka mnipe jogoo. Nakuja kusikia habari kwenye tangazo la mechi! Tangazo!"

"Chuo kilisema maziko yawe ya watu wachache, kumbukumbu yenyewe ifanyike hapa," alisema Perpetua. "Matanga hatukuweka. Tuliona mtambo unatosha." Kisha akasema haraka, "Naweza kulitoa chujio. Sasa hivi. Atakutukana kama zamani."

Semboja aliinyooshea taswira kidole.

"Na mimi nikifa," aliuliza, "atakuwa anamtukana nani?"

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa Mbega walikuwa wameshinda. Taswira iliruka ikapunga kofia, na watu wakapunga zao. Meneja Kahangwa alikuja na kibao cha idhini, anatabasamu. Perpetua alikichukua akakishika kidogo. Hakuweka dole gumba. Alibonyeza kwenye kufuta.

Kofia ilibaki hewani kidogo, nayo ikaenda. Mbele yao kulikuwa na siti ya plastiki iliyopasuka pembeni.

"Umemuua mara ya pili!" alisema Kahangwa.

Perpetua alimwendea Semboja, akapiga goti kidogo kama inavyompasa mtu wa nyumba ya msiba mbele ya mtani.

"Mzee Semboja," alisema, "nimeletwa na watu wa nyumbani kukupa taarifa. Baba amekufa."

Semboja alivua kofia, akautoa ule mto chini ya jezi na kuuweka kando.

"Lini?" aliuliza, utadhani hakujua.

"Jumanne ile. Alfajiri."

"Alikuwa anaumwa?"

"Kifua," alisema Perpetua. "Aliniomba nimfungulie dirisha, nikaenda kulifungua, na nilipogeuka…"

Alijaribu kuendelea akashindwa, akakaa chini kwenye ngazi na kulia kwa sauti, mbele za watu, na Semboja akakaa kando yake kumngoja amalize habari.