Uamuzi ni Wako

Asubuhi mpakani Rusizi hakuna adabu. Mabeseni, miavuli, mafurushi, kila mtu anasukuma. Na katikati ya rabsha ile alisimama kijana mrefu, shati lake jeupe limenyooka kwa pasi, akimpisha kila aliyetaka kupita.

"Papa, uko mu mustari ao uko unaangalia mustari tu?"

Aligeuka. Msichana maji ya kunde, kitenge cha manjano kimemkaa kiunoni, furushi la viatu kichwani.

"Niko nawaza," alijibu Muhigirwa, "kama muntu wa haraka iko na haki ya kupita mbele ya benzake."

"Na ile njo kazi yako?"

"Njo kazi. Falsafa. Niko naandika teze ya doktora."

Msichana yule, Nzigire, alicheka mpaka furushi likayumba. "Maskini! Pita basi, Profesa. Batu banatungoja."

Mapenzi yakaanzia hapo. Nzigire alikuwa wa Bukavu, upande wa Kongo, akivuka kuuza viatu Kamembe, upande wa Rwanda. Muhigirwa alipanga chumba huko huko Kamembe, akiandika teze yake, tasnifu juu ya uhuru: kwamba hakuna mwenye haki ya kumwamulia mwingine maisha yake. Kwake hayo hayakuwa maneno ya vitabuni. Dada yake Mukamazimpaka aliozwa Mibirizi kwa amri ya baba, akilia, na Muhigirwa ndiye aliyewamiminia wageni pombe. Tangu siku ile aliapa hatamwamulia mwanamke kitu.

Jioni simu ililia.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula vitabu."

"Vitabu hazina chumvi! Kesho nitakuletea sambaza."

Na aliwaleta kweli, vidagaa wa Ziwa Kivu, wamekaangwa, bado wana moto.

Kisha siku moja sauti yake ilikuja ya chini. "Shangazi yangu wa Uvira ananiita. Iko na magazini ya vitenge, anataka nihamie kule. Weye unasema je?"

Moyo wa Muhigirwa ulipiga kelele: baki! Lakini mdomo ulikuwa umesoma.

"Maisha ni yako, Nzigire. Uamuzi ni wako. Mi sina haki ya kukukataza."

"Njo vile?"

"Njo vile. Ninakuheshimia."

"Aksanti kwa heshima." Akakata.

Jamani, elimu nyingine ni mzigo! Mwanamke akiuliza hivyo haombi ruhusa. Anataka kusikia kwamba akiondoka kuna mtu ataumia.

Nzigire alihamia Uvira kwenye duka la shangazi, namba yake ikawa haipatikani. Teze ilimalizika, walimu wakaisifu, watu wakapiga makofi. Muhigirwa alitoka nje, akashika simu ampe mtu habari, akakumbuka hana mtu. Alirudi chumbani Kamembe akala sambaza wa sokoni, waliopoa. Upweke ulimkaba hasa.

Ndipo alipopanda gari, akapita Muganza, akavuka mpaka wa Ruhwa, akafika Uvira. Alimkuta dukani akikunja vitenge, amenenepa kidogo, amependeza mno.

"Profesa! Ni weye?"

"Nilikosa, sheri. Nilitaka ubakie, nilitaka sana. Rudi. Ninakuomba."

Nzigire aliweka kitenge chini. Macho yalimjaa machozi.

"Ile siku nililia mpaka Mama akazani kuna muntu amekufa."

"Nilikuwa nakuheshimia."

"Sasa ninajua. Lakini Balagizi, fundi cherehani wa hapa, ameshaleta ngombe kwetu. Papa amezipokea."

Muhigirwa alimkumbuka dada yake siku ile ya kuozwa, akilia. "Ni Papa alikulazimisha?"

"Hapana. Papa aliniuliza, mi mwenyewe nikakubali. Nilikuwa nimeshafunga mizigo nirudi Bukavu. Balagizi akashika ile mizigo, akaniambia: baki."

Nzigire alikuwa ameamua mwenyewe, kama teze ilivyotaka.

Alimsindikiza mpaka kwenye magari, akamnyoosha kola ya shati.

"Umekula?"

"Nimekula," alidanganya, akapanda. Njaa ilimuuma mpaka Kamembe.