Pini Moja kwa Miguu Yote

Kila Jumamosi alasiri, nikishateka maji, nilikaa mlangoni kwetu na pini mkononi, na watu wakapanga foleni. Mimi Clotilda, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye niliyekuwa fundi wa kutoa funza. Enzi hizo za Waingereza, kijiji chetu katika wilaya ya Biharamulo kilijaa vumbi, mbuzi walilala ndani pamoja nasi, na viatu tuliviona miguuni mwa karani wa boma tu. Funza walitutafuna vidole vibaya sana. Na kesho yake ni Jumapili. Nani atasimama kanisani huku anajikuna?

Pini hiyo baba aliileta kutoka Buganda, alikokuwa akienda kulima pamba ya watu. Kijiji kizima hakikuwa na nyingine. Nilichokonoa taratibu, nikatoa kifuko cha mayai bila kukipasua, nikaziba tundu kwa ugoro, nikafuta pini kwenye nguo yangu, kisha nikaita, "Mwingine." Watu walinisifu mpaka kichwa kikanivimba.

Jumamosi moja alikuja jirani yetu, Mzee Nyandwi. Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kimeoza, kinatoka usaha na kunuka. Nilimtoa funza wanne. Aliyemfuata alikuwa mdogo wangu Xavery, wa miaka sita. Yeye alikuwa na funza mmoja tu, kisiginoni. Nilifuta pini kama kawaida yangu, nikamtoa.

Jumanne Xavery hakuweza kukanyaga. Jumatano mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, mtoki umetokeza kwenye kinena, na mwili unawaka moto. Mama yetu, Febronia, alimkanda kwa majani, wapi! Mzee Nyandwi alikuja kumjulia hali, akasema, "Mama Clotilda, huyu mtoto amekanyaga uchawi aliotegewa." Mama akaamini.

Nilipoinama kumwosha Xavery, tundu la kisigino lilinuka vilevile kama kidole cha Mzee Nyandwi. Nilijua ni mkono wangu, lakini niliogopa kusema, maana mama alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili.

Alhamisi asubuhi Xavery hakumtambua mama. Alimwita kwa jina la bibi yetu aliyekufa zamani. Mama akambeba mgongoni, akanishika mkono, tukatoka. Tulipofika njia panda, njia moja ilikwenda bomani, mwendo wa nusu siku, na nyingine ilikwenda kwa mpiga ramli. Mama akageukia ya mpiga ramli.

"Kwanza ateguliwe," alisema. "Dawa ya bomani haitegui."

Xavery alikuwa halii tena. Miguu yake ilining'inia tu. Nikaona kwamba nikiendelea kunyamaza tutamzika.

"Mama, hakutegewa," nilisema. "Ni mimi. Nilimtoa funza kwa pini iliyotoka kwenye kidole kibovu cha Mzee Nyandwi. Kidonda cha Xavery kinanuka vilevile."

Nilingoja kofi. Mama aligeuka, akashika njia ya bomani, akitembea karibu ya kukimbia. Tulipokezana kumbeba mpaka mabega yakachubuka.

Kwenye zahanati ya boma tulimkuta Bwana Habibu, mganga msaidizi, mtu wa pwani.

"Shikamoo, Bwana," mama alisema, akaanguka magotini.

"Marahaba, mama. Inuka, nimwone mtoto." Alipasua kisigino, usaha ukabubujika, akakiosha kwa maji ya moto na chumvi. "Mngekuja kesho, mama, ningewapa pole tu."

Siku mbili hatukujua kama atapona. Mama hakula. Mimi nilikaa nje ukutani, nikilia na kumwomba Mungu anichukue mimi. Siku ya tatu Xavery alifumbua macho, akasema anataka uji.

Bwana Habibu, ambaye mama alikuwa amemsimulia habari ya pini na ya Mzee Nyandwi, aliniita. "Pini ulikuwa ukiifuta kwa nguo?"

"Ndiyo, Bwana. Sitaishika tena."

"Basi watatolewa na nani? Na asiyejua?" aliuliza. "Sikiliza. Usaha una vijidudu visivyoonekana kwa macho. Nguo haiviui, moto unaviua. Kabla ya kila mguu, pini ichemke. Nawa mikono kwa sabuni. Tundu lioshwe, lisizibwe kwa ugoro. Na heri funza wasiingie kabisa: mbuzi watoke ndani, sakafu inyunyiziwe maji na kufagiwa, miguu ioshwe kila jioni. Na yule mzee aje nimtibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Tulirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Xavery alichechemea, na kisigino chake kilikuwa kimebonyea, nyama imeliwa. Jumamosi nilibandika chungu cha maji jikoni. Mama alitangulia kukaa mbele yangu, akaninyooshea mguu wake. Nilimtoa funza salama, nikairudisha pini chunguni.

Foleni ikaanza kunung'unika. "Zamani ulikuwa mwepesi," alisema mmoja. "Mpaka maji yachemke tena, jua litazama."

Mama akasimama, akamshika Xavery mkono, akamleta mbele yao.

"Aliyechoka kungoja maji yachemke," alisema, "na aje atazame kisigino cha mwanangu."

Hakuna aliyeondoka.